Mchagua Jembe

Laki tisa na arobaini kwenye kopo la maziwa ya unga,
noti nyingine bado zinanata utomvu wa zabibu za mama.
Nimezihesabu mara tatu leo. Hazijazaana.
Upepo wa Agosti unasukuma vumbi la Nkuhungu
chini ya mlango; linaingia kama mwenye nyumba.

Mezani karatasi tatu, nimezichapisha kwa Mbijima,
mia mbili kila moja.
Cheti cha kwanza: maswali ya kuchagua, a, b, c, d,
bei ya mbuzi wanne.
Cha pili kina kofia nyekundu.
Hao hawakuulizi kitu. Wanakupa mashine iliyovunjika
na saa inayokimbia, wanasema: haya.
Bei yake siitaji mama akiwa macho.
Cha tatu sikielewi vizuri,
ila tangazo la kazi kule Mtumba lilikitaja kwa jina,
na chini yake: wasio nacho wasijisumbue.

Mama anaokota karatasi, anaishika kichwa chini.
"Si ulisema huu mfumo ni wa bure?"
Ni wa bure, mama. Ni huria. Yeyote anaufungua,
anauchungulia matumbo, anashona palipochanika.
"Sasa hela yote hii ya nini?"
Ya kuthibitisha kwamba naujua.
Akanyamaza. Akachambua zabibu, mbovu huku, nzima huku.
"Na kinadumu?"
Miaka mitatu.
"Cheti kinakufa?"
Kinakufa.
"Changu cha ubatizo, cha Mvumi, mwaka sabini na mbili,
kiko sandukuni. Kizima."

Mimi si mgeni wa kioo cheusi.
Ule usiku wa Bahi, mvua ya kwanza ilipoangusha nguzo
na seva ya zahanati ikaamka imesahau wagonjwa wote,
Dokta Chiduo alinimulikia kwa simu yake
nami nikaandika amri mojamoja,
kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango.
Ruhusa imekataliwa.
Ruhusa imekataliwa.
Nikashuka mpaka kwenye mzizi
(ndivyo ninavyomwita yule mwenye funguo zote)
na saa tisa kasoro majina yakaanza kurudi:
Mbeleje, mimba ya miezi saba.
Sechelela, sukari.
Mtoto wa Ndahani, bado hajapewa jina.
Hakuna aliyeniwekea alama ya vyema.
Asubuhi nilipewa chai na chapati moja.
Miezi miwili baadaye wakamwajiri kijana mwenye cheti,
mpole, mnyoofu wa kola,
akaniuliza kitufe cha kuwashia kiko wapi.

Mjomba Lechipya kanitumia ujumbe wa sauti toka Mpunguzi,
kuku wanapiga kelele nyuma yake:
"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu."
Kweli, mjomba. Lakini miche uliichagua.
Siku mbili ulizunguka Makutupora
unang'ata majani, unatema, unang'ata mengine,
mpaka watu wakadhani una minyoo.

Nami nang'ata.
Cha kofia kinapima mikono, na mikono ninayo,
ila kopo limepungukiwa laki nne.
Cha kwanza naweza kukilipia kesho, nikabaki na ya mkaa.
A, b, c, d.
Kana kwamba ule usiku wa Bahi ulikuwa na d.

Umeme ukakatika. Majirani wakaguna kwa pamoja.
Kompyuta yangu kuukuu ina chaji ya saa moja,
kioo chake kikatia ukungu wa buluu kwenye beseni la zabibu.
"Umeshachagua?" sauti ya mama, gizani.
Nimeivunja, mama.
"Umevunja nini?"
Hii mashine. Nimeifutia njia ya kuamkia, kwa makusudi.
Nataka niiamshe kabla ugali wako haujaiva.

Nikasikia kiberiti, mara ya kwanza, mara ya pili.
Nikasikia sufuria ikikaa juu ya mafiga.
"Haya," akasema.